Kitambaa cha Kufutia Majani

Oliva alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia makopo matatu ya rangi yaliyooteshwa mimea, na kabla hajajikung'uta vumbi la safari, mama mkwe wake alikwisha kuona cha kusema. Bibi Veridiana alikuwa barazani, sinia la ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha mapajani, anamenya. Mkono ukasimama hewani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mimea, mama. Ya kuweka ndani."

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwa Wini."

Bibi Veridiana aliweka sinia chini, akasogea. Akayatazama yale majani marefu, magumu, yaliyosimama wima kama mapanga yaliyochomekwa udongoni, akarudi nyuma na kupiga ishara ya msalaba. Mmea ule haukuwa mgeni kwake. Kwao Chilangala, ukoo wake huupanda kichwani mwa kaburi, kwa sababu haufi kwa kiangazi na haudai kutunzwa, na marehemu naye hana wa kumtuma maji. Mume wake mwenyewe alipandiwa miwili.

"Mwanamke wewe," alisema, "umetoka hapa Kitangari mpaka Masasi kumfuatia mjukuu wangu mti wa makaburini?"

Yule kijana wa bodaboda alicheka, tena kicheko cha kupiga tanki la pikipiki kwa kiganja. Oliva alimlipa upesi ili aondoke, lakini alipoondoka aliondoka na maneno. Jua lilipozama, kila nyumba ya njia ile ilikuwa na habari kwamba Mama Wini anamlaza mtoto na makaburi.

Ukweli ni kwamba Oliva alikuwa amefika mahali ambapo angebeba hata jiwe kama angeambiwa jiwe litamsaidia mwanawe. Winfrida alikuwa na miaka sita na kifua kilichomwonea. Tangu mikorosho ianze kutoa maua mwaka ule, alikuwa akilala mzima na kuamka anapiga filimbi kifuani, mabega yakipanda na kushuka, macho yakimtazama mama yake kana kwamba mama ndiye aliyeficha hewa. Walikwisha kumkimbiza kituo cha afya zaidi ya mara moja. Nesi wa pale, mama mpole, alimpa dawa ya kupuliza mdomoni, akauliza maswali yake.

"Jiko liko wapi?"

"Nje, sista."

"Baba anavuta sigara?"

"Hata kuionja hajaionja."

"Basi iangalieni hewa ya ndani. Huyu mtoto anataka hewa safi pale anapolala."

Hewa safi! Oliva alirudi nyumbani na neno hilo akaligeuza kila upande asijue pa kulishikia. Uchafu wa sakafu aliuweza, na wa nguo aliuweza. Hewa angeifagiaje?

Halafu simu ya kaka yake ikaingia. Optatus alikuwa na gereji Masasi, na nyumba ya bati jipya. Huku kwao mjomba ana neno kwa watoto wa dada yake, na Optatus hakuwa mtu wa kuacha neno lake likae bure. "Jumapili ijayo nakuja kumchukua Winfrida," alisema. "Huku hospitali iko karibu. Atakaa huku, atasoma hukuhuku." Hakuwa anaomba.

Oliva alipanda gari kwenda kumsihi, akamkuta chini ya lori la mtu, akasihi miguu tu iliyojitokeza nje. Miguu ikajibu kwamba Jumapili ni Jumapili. Kaka yake hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu hakuwa na wa kumchukia. Alijua tu kwamba mtoto anayehamishwa akiwa na miaka sita hurudi kwao likizo, akabisha hodi na kuomba maji kama mgeni.

Alilia dukani kwa rafiki yake Mwanaheri, muuza vitenge, aliyefahamiana naye tangu walipopanga nyumba moja enzi za ujana. Duka lile lilikuwa na mimea kila pembe, na Mwanaheri alikuwa na imani nayo kuliko wateja wake.

"Shoga, futa machozi," alimwambia. "Ona huu. Watu wanasema unanyonya sumu iliyo hewani. Nimeona kwenye simu, wazungu wanaweka mpaka vyumba vya kulala. Na hauna makuu. Maji kidogo, siku ukikumbuka. Kazi yake ni moja tu, kuyafuta majani vumbi likitua, kwa kitambaa kibichi. Likiziba vumbi, na wenyewe haupumui. Chukua mitatu."

"Na kama si kweli?"

"Kama si kweli utakuwa na maua. Chukua, usinitie hasira."

* * *

Chumba cha Winfrida kilikuwa na mlango mzuri kuliko yote nyumbani, na huo mlango ndio uliomponza. Bonifasi, mumewe Oliva, alikuwa mtunza mali wa kikundi cha wakulima wa korosho pale mtaani. Wezi walipovunja ghala fulani kule Chiungutwa na kuondoka na salfa ya watu, kikundi kiliamua kwamba dawa yao ya mikorosho italala nyumbani kwa mtu mwaminifu. Walipoangaliana wote wakamtazama Bonifasi. Alirudi siku ile kifua mbele. Mifuko ikapangwa chumbani kwa mtoto, ukuta mzima, ikapanda mpaka ikaliziba dirisha, na dirisha lenyewe likapigiliwa misumari. Nafasi iliyobaki ilitosha kitanda cha mtoto na mtu mmoja wa kusimama.

Oliva alitafuta pa kuweka makopo yake. Chini hapakuwa na nafasi. Basi akayapanga juu ya mifuko ya salfa, moja, mbili, tatu, akarudi nyuma kuyatazama, na moyo wake ukatulia kidogo. Yalipendeza. Ungeweza kusema ni altare.

Bonifasi alikuja kuegemea mlangoni, bado ana unga wa salfa kwenye nyusi kutoka shambani.

"Ndiyo dawa hii?"

"Ndiyo, Baba Wini."

"Mama anasema umetuletea makaburi."

"Nimemsikia. Mtaa mzima umemsikia."

Bonifasi alicheka, kisha akaona uso wa mkewe, akaacha kucheka. Alikuwa mume mwema katika mambo mengi. "Haya," alisema, "ikae. Ila usiimwagie maji mifuko ya watu. Salfa ikiloana, mimi kwa Basil na wenzetu wa kikundi sina pa kupita."

Kuhusu maji hakuhitaji kuhofia. Kisima cha kuvuna maji ya mvua kilikuwa uani, mfuniko wake una kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni kwa Bibi Veridiana pamoja na rozari. Kwenye uwanda huu wa juu maji huheshimiwa kuliko wageni. Asubuhi Oliva alipoomba kopo moja la kulowesha kitambaa, bibi alimpimia nusu.

"Nusu nyingine ni ya walio hai," alisema, akafunga kufuli.

Oliva aliyameza hayo. Aliingia chumbani, akalowesha kipande cha kanga kuukuu nyeupe, akafuta majani yote, jani kwa jani, mbele na nyuma, kama anavyofutwa mtoto masikio. Kitambaa kilitoka na rangi. Vumbi la Masasi, alijisemea, akakianika kwenye kamba.

Mchana ule ule Winfrida alilala kidogo baada ya kula, na alipoamka hakuweza kuita. Oliva alimkuta amekaa kitandani, mikono magotini, shingo imenyooka, midomo imeanza kubadilika. Akampa dawa ya kupuliza. Akambeba uani, akamkalisha mapajani, akamhesabia pumzi, akawa anavuta naye na kutoa naye, huku Bibi Veridiana akisema rozari haraka haraka pembeni mpaka maneno yakawa yanapandana. Hewa ikarudi taratibu. Mtoto akasema, "Mama, nataka uji," na wanawake wote wawili wakalia.

Jioni Optatus alipiga simu. Alikwisha kusikia. Maneno yana miguu, na mengine yana pikipiki.

"Oliva, ni kweli? Mmeambiwa hewa safi mkaenda kununua maua?"

"Sikununua. Nilipewa."

"Mfungashie nguo zake," alisema kaka yake, si kwa ukali. "Nakuja na gari la mtu."

* * *

Kesho yake alizifungasha. Hazikuwa nyingi. Sare ya shule, magauni mawili, sweta, kitambaa cha kichwa alichozoea kulala nacho. Begi akaliweka karibu na mlango, halafu akashindwa kulitazama, akaingia chumbani kufuta majani kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Alipoyashika tu, vidole vikateleza. Majani aliyoyafuta jana yalikuwa yamepauka tena. Alipitisha kitambaa, kikatoka cha njano.

Alisimama nacho. Vumbi la huku kwao Newala kila mtu analijua, ni jekundu, linaingia mpaka kwenye ndoto. Hili lilikuwa njano kama kiini cha yai. Akalifuta jani la pili. Njano. La tatu. Njano. Akatoka nacho nje kwenye mwanga, akamkuta Bibi Veridiana anapepeta mbaazi.

"Mama, hebu angalia."

"Sigusi kitu cha mti ule."

"Usiguse. Nusa."

Bibi Veridiana alinusa kwa mbali, kwa heshima ya ubishi. Kisha akasogeza pua. Kisha akakishika kile kitambaa kwa mikono yake yote miwili, akakibandika puani, akakohoa.

"Hii salfa."

"Salfa, mama."

"Inatoka wapi? Si imo mifukoni?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kujiuliza, na usiwalaumu. Salfa ni dawa, ndivyo inavyoitwa. Miezi ile harufu yake imo kwenye mashati, kwenye nywele, kwenye mito, kwenye mkate, ni harufu ya msimu na ya tumaini la korosho, na pua ya mtu wa huku ikishaizoea haiisikii tena. Nesi aliuliza moshi, akaambiwa hakuna moshi. Aliuliza sigara, akaambiwa hakuna. Salfa hakuitaja, na wao nao haikuwajia kuitaja, kama mtu asivyotaja kwamba nyumbani kwake kuna udongo.

Bibi Veridiana, aliyeapa kutokanyaga chumba chenye mti wa makaburini, aliingia wa kwanza. "Shika huku," alisema. Wakateremsha makopo. Wakaanza kuvuta mifuko, mama mkwe na mkwe, wakikwaruzana mabega na kupiga chafya. Mifuko ya juu ilikuwa mizima. Ya chini, iliyogusana na kitanda, panya walikuwa wameila pembe zote, na unga umemwagika ukaingia chini ya godoro la Winfrida, laini, mwingi, kama mtu aliyeunyunyiza makusudi. Kila mtoto alipojigeuza usingizini uliruka. Kila mlango ulipofungwa uliruka.

Bibi Veridiana alikaa juu ya kitanda.

"Miti hii imenisuta," alisema. "Mimi nikidhani imekuja kumwita mtoto, kumbe ilikuwa inapakwa badala yake."

Oliva alichota unga ule kwa kiganja. Hakujua kama anachosikia ni hasira au furaha. Alipofikiri vizuri aliona ni furaha. Kitu kilichokuwa kinamkaba mwanawe kilikuwa na jina, tena kina uzito, kinabebeka!

* * *

Bonifasi aliporudi kutoka shambani aliikuta mifuko uani, imefunikwa turubai, na mama yake ameikalia.

"Nani kaitoa hii? Mnataka niibiwe mali ya watu?"

"Mimi," alisema Bibi Veridiana.

Oliva alimpa kitambaa. Akamwonyesha godoro. Bonifasi aliinama, akapitisha kidole kwenye unga, akakitazama kidole.

"Hii ni dawa," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

"Ya mikorosho," alisema Oliva. "Wini si mkorosho."

Alijua mumewe anafikiri nini. Ilikuwa inamuuma kwenda kwa wenzake na kuwaambia hawezi tena kuwatunzia. Kati ya vitu vyote alivyokuwa navyo, kuaminiwa ndicho pekee ambacho mtu wa mjini asingemzidi. Bonifasi alinawa uso, akavaa shati, akaenda. Oliva alimfuata kwa mbali. Hakutaka kumwaibisha, alitaka tu asiwe peke yake.

Wanakikundi walikuwa pale pale walipozoea, kwenye mabenchi nje ya nyumba ya Basil.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mtunza mali, vipi? Makaburi yanaendeleaje nyumbani?" Basil alisema, na benchi zima likacheka.

Bonifasi aliacha wacheke mpaka wakamaliza. "Ndugu zangu, salfa yenu siwezi kulala nayo tena. Inamwua mwanangu. Nilimweka mtoto kulinda mali, nikadhani nailinda mimi." Akasimama hapo. Oliva, upande wa pili wa njia, aliuona mgongo wa mumewe ukihema.

Kicheko kiliisha chenyewe. Mmoja wao alisema taratibu kwamba na kwake mifuko miwili iko chini ya kitanda cha mama yake, na mama yake huyo naye hakohoi mchezo. Mwingine akajikuna kichwa. Basil aliangalia chini, akaangalia pembeni, kisha akatazama kile chumba cha tofali alichokijenga kwa ajili ya duka lisilofunguliwa, chenye mlango wa chuma na hakuna hata paka anayelala humo.

"Si uniambie," alisema, karibu kwa ukali. "Chumba kinakaa bure, wewe unamlaza mtoto na mzigo. Vijana, tafuteni mkokoteni."

* * *

Siku ile Bibi Veridiana alifanya jambo ambalo mtaa ulilizungumza kuliko makaburi. Alivua ufunguo shingoni, akafungua kisima, akasema, "Chota." Oliva alichota ndoo moja. "Chota tena," alisema bibi. Wakaosha kuta, wakaosha sakafu, wakaosha kitanda vyuma na mbao. Godoro lilipigwa fimbo huko mbali shambani, likachomwa jua. Kila Oliva alipotazama kuona kama imetosha, bibi alielekeza kidole kisimani. Bonifasi aling'oa misumari ya dirisha kwa nyundo, na upepo wa uwandani, ule wa jioni unaopanda kutoka bondeni, ukaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze.

Usiku huo Winfrida alilala bila filimbi. Usiku uliofuata pia. Nesi walimpelekea habari yote, pamoja na kitambaa. Akakinusa, akafumba macho, akasema hilo lingetosha kumbana hata mtu mzima. Aliwaambia dawa ya kupuliza ibaki karibu vilevile, na baba avue nguo za shamba nje. Kuhusu mimea alicheka. Alisema haamini kama majani machache yanasafisha hewa kiasi hicho, ila hayana ubaya, mradi dirisha liwe wazi.

Jumapili Optatus alifika na gari la mtu kama alivyoahidi. Oliva alikuwa hajalifungua lile begi. Aliogopa kulifungua, asije akalifunga tena. Alimwona kaka yake anashuka, akasikia miguu midogo ikimpita mbio, Winfrida huyo, anakata uwanja, "Mjombaaa!", akamrukia.

Optatus alimshika, akasubiri. Kila mtu alisubiri. Huwa kinafuata kikohozi, kisha filimbi. Optatus akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, kama anavyosikiliza injini, akakaa hivyo.

"Mjomba, unanitekenya," alisema Winfrida.

Walimpeleka chumbani, wakamsimulia, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Makopo matatu yalikuwa sakafuni chini ya dirisha, kwenye mwanga. Optatus alisikiliza, akasema yote ni sawa, lakini yeye ni fundi, haamini mpaka ajaribu. Akamnyang'anya Oliva kitambaa, kipya, cheupe. Akachuchumaa na suruali yake ya Jumapili, akafuta jani moja kutoka chini hadi juu, taratibu, akalifuta na la pili.

Oliva alibana pumzi yake mwenyewe.

Optatus aliinuka, akakipeleka kitambaa dirishani. Kilikuwa na rangi. Akakinusa, akakinusa tena, akamkabidhi dada yake. Oliva alikitazama. Lilikuwa vumbi jekundu, jekundu la barabarani, la kila siku, lile analolifua na kulilalamikia tangu aolewe. Alikibandika usoni kitambaa kile kichafu na kulia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni gari la mtu liliondoka na kiti cha nyuma kikiwa na kopo moja la rangi. Bibi Veridiana ndiye aliyelipakia kwa mikono yake, akalizungushia kanga lisianguke.

"Mpelekee mkeo," alimwambia Optatus dirishani. "Maji asilizidishie. Mwambie ayafute majani, na kila akiyafuta akitazame kitambaa."

Nyuma yake Winfrida alikuwa anakimbiza vumbi la gari, na Oliva, akilifungua begi barazani, alimwacha akimbie.